Mji Ulio Nyuma ya Pazia

Nabwile alikuwa mtu wa kutaka kujua. Kule Malakisi, Bungoma, anakolima tumbaku na mumewe, hakuna muuza kitunguu asiyemjua, maana hanunui hata kimoja kabla hajakigeuza na kukibonyeza tumbo. Wenye haraka walimkimbia. Waliobaki walimheshimu, kwa sababu kitunguu kikipita mikononi mwake, watu wengine walinunua bila kuuliza.

Kwa hiyo mumewe, Wanyonyi, hakukosea alipomtuma yeye Kitale. Binti yao Dinah alikuwa akiishi mtaa wa Matisi na kijana mmoja wa Kikuyu aitwaye Gicheru. Alikuwa na mimba ya miezi saba, na daktari alikuwa amemwamuru alale kitandani, asinyanyue hata ndoo. Watu wa Gicheru walikuwa wameomba kuja Malakisi kuzungumza mambo ya mahari. Shida ni kwamba Wanyonyi alikuwa amesikia kijana huyo anaishi kwa gemu za runinga.

“Nenda ukamuuguze mtoto, na ukiwa huko fungua macho,” alimwambia mkewe. “Kama hiyo ni kazi, watu wake waje. Kama ni mchezo, rudi na Dinah. Mimi siwezi kupeana mtoto kwa mtu anacheza.”

Kufungua macho kulikuwa ndiko kugumu. Kwao Bungoma, mama mkwe na mkwe hawaonani uso kwa uso. Hawashikani mikono, hawali pamoja, hawakai chumba kimoja. Nabwile alilala kwa Peris, mama wa kanisani kwao aliyehamia Matisi zamani, na mchana akavuka njia kwenda kumuuguza Dinah. Alikuwa ameshajiandaa kwa aibu. Vijana wa mjini hawajui mambo haya, sembuse huyu ambaye si wa kwao. Siku ya kwanza alijitanda leso mpaka kwenye paji la uso, akikaa tayari kukimbia pindi Gicheru atakapoingia na mkono mbele akisema “Mum, karibu.”

Gicheru hakuingia. Wala siku ya pili. Wala ya tatu.

*

Nyumba yenyewe ilikuwa ya vyumba viwili. Cha mbele kilitazama barabara, na humo mlikuwa na runinga, mtambo wa gemu, na mabenchi. Cha nyuma ndicho walicholala Dinah na Gicheru, na kilikuwa na mlango wake wa kutokea uani. Katikati palikuwa na ukuta wa mbao wenye upenyo, na penye upenyo pametundikwa pazia la maua mekundu. Nabwile aliweka kigoda chake karibu na pazia hilo, akawa anachambua mboga na kusikiliza. Kuchungulia asingethubutu. Lakini masikio, nani amewahi kuyawekea mila?

“Hii ndio gemu, maze,” ilisema sauti ya Derrick, kijana aliyesoma chuo cha ufundi hapo mjini. “Zile zingine unazunguka duara moja kama ng'ombe wa kusaga miwa. Hapa mji wote ni wako. Hutaki resi, unatoka, unaenda zako.”

“Unaenda wapi? Si uniambie,” alijibu Mathenge, fundi wa viatu, ambaye kibanda chake kilikuwa ubavuni mwa nyumba. “Gemu lazima iishe. Mtu ameshinda, mtu ameshindwa, twende nyumbani. Hii yako ni kuzurura tu.”

“Mimi niko na swali,” sauti ya tatu iliingilia. Huyo alikuwa Kipsang, mwendesha baiskeli ya boda boda. “Hiyo gari hainywi mafuta? Inagonga lori, inagonga ukuta, inaenda tu. Mwenye alitengeneza hii gemu hajawahi panda hata baiskeli.”

“Wewe unataka gari ikwame ndio ufurahi?”

“Nataka ikwame kidogo!”

Wakacheka, mabenchi yakalia. Kisha ikasikika sauti ya nne, ya chini, ambayo Nabwile alikwisha kuitambua.

“Punguzeni sauti, bana.”

Ni Gicheru huyo. Mtu mzima, amekaa hapo tangu asubuhi, na neno lake kubwa ni hilo moja, punguzeni sauti. Ili asikie vizuri gari zake, Nabwile alijiambia, akakata sukuma kwa hasira.

“Dinah,” alinong'ona. “Huo mji wanasema uko wapi?”

“Uko ndani ya TV, Mayi. Ni mji wa kuchora. Wanaendesha gari mahali wanataka.”

“Na wanafika wapi?”

Dinah alifikiri. “Hawafiki. Wanaenda tu.”

Jibu hilo lilimsumbua Nabwile kuliko alivyotarajia. Aliona kichwani mwake mji mkubwa wenye barabara za lami, vijana wanazunguka humo mpaka jua linatua, na hakuna aliyetumwa kitu. Mji gani huo? Sokoni kwake wanauza nini? Nani anafagia? Alitamani kuuliza, huku akijua kabisa kwamba swali si hilo alilotumwa.

Mara kwa mara kutoka upande wa pili ukuta ulibishwa: ngo, ngo, ngo. Dinah alichukua kijiko kwenye kikombe chake cha chai, akabisha naye, ngo, ngo, ngo, kisha akarudisha kijiko na kugeuka ubavu.

“Unawanyamazisha?” Nabwile aliuliza.

“Ni kawaida, Mayi,” alisema Dinah, uso kwenye ukuta.

*

Kila kukicha, Nabwile aliongeza kosa jingine juu ya makosa ya mkwewe. Mke yuko kitandani, na ukuta wa mbao tu ndio uliowatenga, lakini mume haji hata kumgusa paji la uso. Chakula kinapikwa ndani, kinanukia mpaka barabarani, naye anasikika akiagiza chapati na maharagwe kwa mama wa hoteli. Siku moja unga uliisha. Badala ya kuja mwenyewe, alimtuma Kipsang azunguke uani na pakiti mkononi.

“Mathe, Gicheru amesema hii iletwe.”

“Yeye miguu yake imefanya nini?”

Kipsang alitazama viatu vyake. “Iko sawa. Iko tu na… kazi.”

“Kazi!” Nabwile alisema, akaupokea unga kama mtu anayepokea tusi.

Huko nje nako hakukuwa na nafuu. Kwenye bomba la maji alikutana na wanawake wa kanisa, wakamsalimu vizuri, wakamsifu kwa kumwangalia binti. Kisha mmoja akauliza, mdomo wa asali, “Mkwe wako si ndiye ule wa gemu?” Wakatazamana. Hakuna aliyecheka, na hapo ndipo uchungu ulipokuwa. Nabwile alijitwika ndoo kabla haijajaa, akaondoka.

“Usiwasikize hao,” Peris alimwambia jioni. “Huyu kijana halewi. Sijawahi kusikia anapiga mtu.”

“Hata jiwe halipigi mtu,” alijibu Nabwile. “Mimi natafuta anafanya nini, sio hafanyi nini.”

*

Siku ya Ijumaa aliamua. Kesho yake wangeondoka na Dinah kurudi Bungoma, polepole, kwa gari la mtu wanayemfahamu. Alivuta sanduku chini ya kitanda, akaanza kukunja nguo za mtoto ambaye hajazaliwa.

Dinah alimtazama mpaka machozi yakamtoka. “Mayi, mimi siendi.”

“Baba yako ameshasema. Mwanaume hajaingia hapa tangu nije. Hata kukuuliza umeamkaje! Amemezwa na mchezo, na wewe unamfunika.”

“Umemuuliza?”

“Nimuulize na mdomo gani? Mimi na yeye hatuongei.”

Kuna mambo binti hawezi kumwambia mama yake, na mambo ya ukwe ni mojawapo. Yanatendwa, hayasemwi. Alichoweza kusema ni hiki: “Basi hujaona kitu. Wewe hununui hata kitunguu bila kugeuza, lakini mume wangu umemkataa akiwa ndani ya gunia.”

Maneno hayo yalimwingia Nabwile. Alisimama na kikofia cha sufu mkononi.

“Yuko hapo sasa?”

“Ameenda mjini kulipa stima. Amewaachia kina Kipsang.”

Nabwile alikiweka kikofia kitandani, akajifunga leso vizuri. Moyo ulimdunda kama wa mwizi, ingawa mwenyewe asingekubali. Akafungua pazia.

*

Wote watatu walisimama kwa pamoja. Mathenge alivua kofia. Kwenye runinga gari jekundu lilikuwa limesimama katikati ya barabara, taa zikiwaka, na nyuma yake ghorofa ndefu kuliko zote alizowahi kuona.

“Karibu, Mathe,” alisema Derrick. “Tumekupigia kelele?”

“Hapana. Nataka kuona huo mji.”

Walitazamana. Kisha Kipsang akapangusa benchi kwa kiganja, na Derrick akamkabidhi pedi, kile kidude cha kuendeshea, akamwonyesha: hapa unakanyaga mafuta, hapa unakata kona, hapa breki. Nabwile alikishika kwa mikono miwili kama kuku anayepelekwa sokoni. Gari likarudi nyuma na kugonga nguzo.

“Pole, pole!” aliiambia ile nguzo, na vijana wakaangua kicheko.

Lakini alikuwa mwepesi wa kushika. Punde si punde gari lilikuwa likienda mbele, taratibu, upande wake wa barabara, likisimama kila penye taa nyekundu.

“Mathe, hapo hausimami,” Derrick alisema. “Hakuna mtu anasimama hapo.”

“Kwani taa ni ya nini?”

Mathenge alifurahi sana. “Mwambie, Mathe! Mimi nimesema hii gemu haina adabu.”

“Watu wa mji huu wako wapi?” Nabwile aliuliza.

Wakainama kutazama. Kweli, magari yalipita, lakini kandokando ya barabara hapakuwa na hata mtu mmoja. Walikuwa wamecheza humo tangu mwaka uanze, na hakuna aliyewahi kuliona hilo.

“Ai, hakuna watu,” alisema Kipsang polepole.

“Na hizi nyumba, naingia aje?” Alisogeza gari mpaka kwenye mlango mmoja, akaugonga. “Imechorwa. Na hii? Imechorwa pia. Mji mzuri hivi, na hakuna mahali mtu anakaribishwa.” Alitafakari. “Mashamba yao iko upande gani?”

“Hatujawahi kwenda mwisho, Mathe,” Derrick alikiri. “Resi zote ziko hapa katikati.”

“Twende.”

Wakaenda. Walipita daraja, wakapita bandari, wakaingia barabara nyembamba inayopanda mlima. Hakuna aliyekumbuka kwamba zamu ilikuwa ya Mathenge, hata Mathenge mwenyewe. Walimwelekeza kwa vidole, wakabishana kama kuna njia nyuma ya kilima, wakanyamaza njia ilipoonekana. Nabwile aliona raha ambayo hakuitegemea, na papo hapo akajilaumu kwa kuiona. Hivi ndivyo inavyowameza watu, aliwaza.

“Huyu mwenye nyumba,” aliuliza, macho kwenye runinga, “yeye hupenda kwenda wapi?”

“Gicheru?” Kipsang alicheka. “Hachezi.”

Gari likayumba. “Hachezi aje? Si anashinda hapa kutoka asubuhi?”

“Hajui hata kukata kona. Yeye kazi yake ni kuamua vita, kufukuza wenye wametoroka shule, na kutengeneza hizi pedi zikikatika waya. Mchana kawaida huwa ndani na Dinah, anampikia, anamfulia. Sisi tunaweka pesa kwa mkebe, jioni anahesabu. Ni hii wiki tu ameshinda hapa kama mtu amefukuzwa kwake.”

“Nani amemfukuza?”

Mathenge alizungusha kofia yake mkononi. Mwishowe Derrick, kwa vile alikuwa mdogo na hakujua kunyamaza, akasema, “Si ni wewe, Mathe.”

“Mimi?”

“Alisema ati kwenu mkwe na mama mkwe hawaonani. Kwa hivyo hawezi ingia ukiwa ndani. Hata kwa choo anapitia ploti ya Mathenge, ndio asipite hapo uani. Kila saa anatuuliza, ‘Mama ameenda?’ Akiskia umevuka kwa Peris, anaingia mbio.”

“Mimi nilimwambia,” aliongeza Mathenge, “nikamwambia kwa lugha yetu ya Kikuyu, hiyo ni mambo ya watu wa Bungoma, wewe inakuhusu nini? Akaniambia, ukioa mtoto wa watu, umeoa na haya zao.”

Gari lilikuwa limesimama lenyewe juu ya mlima.

“Na hiyo kubisha ukuta?” aliuliza, na sauti yake haikuwa ile ya mwanzo.

“Ni yeye anauliza Dinah kama yuko sawa,” alisema Derrick. “Dinah akibisha, anajua yuko sawa. Siku moja alilala, hakujibu, Gicheru akakuwa karibu kulia. Akatuma Kipsang na unga ndio aangalie kama kuna shida.”

“Unga ulikuwa umeisha,” Nabwile alisema.

“Hiyo ilikuwa bahati,” alisema Kipsang.

Nabwile alijisikia uso unawaka. Wiki nzima alikuwa amemhukumu mtu kwa kosa la kumheshimu. Mila ilikuwa ya kwake, alizaliwa nayo, alilelewa nayo, na mgeni alipoishika sawasawa yeye hakuitambua. Aliona haya, haya za kweli, mbele ya vijana waliokuwa wakimtazama kwa upole.

Ndipo Mathenge, aliyekuwa karibu na mlango, akapiga kelele. “Gicheru huyo! Anavuka barabara!”

*

Nabwile alivuta leso usoni. Kulifikia pazia kulimlazimu apite mbele ya mlango, na akiinuka sasa wangegongana. Pedi bado ilikuwa mkononi. Vijana walisimama kama wanaongoja mpira wa penalti, kila mmoja akitaka kujua hawa wawili watafanya nini.

Kivuli kikafika mlangoni, kikasita. Kisha kikageuka. Gicheru alisimama nje, mgongo kwa nyumba na uso barabarani, karatasi ya stima mkononi. Wapita njia walimwona mtu anazungumza na hewa.

“Mama, nisamehe. Sikujua uko huku.”

“Simama hapo hapo, mkwe,” alisema Nabwile, akiitazama runinga. “Ni mimi nimekuja kwa kazi yako. Uko mzima?”

“Niko mzima, Mama. Na wewe?”

“Niko.” Kwa kuwa mila ilikuwa imekwisha kukanyagwa nusu, aliona heri aulize. “Baba ya Dinah amenituma na swali. Hii kitu ni kazi ama ni mchezo?”

Nje, baiskeli ilipita, ikapiga kengele.

“Kwa hawa ni mchezo, Mama. Kwangu, sijui niite nini. Nafungua asubuhi, nafunga jioni, na Dinah anakula. Siwezi kukudanganya ati ni kitu kubwa. Mimi hata sijui kuendesha hiyo gari, wananicheka. Ingine ikipatikana nitashika. Lakini ndio iko sasa.”

Nabwile aligeuza jibu hilo huku na huku. Halikuwa na mapambo, na halikuwa na mahali pa kubonyea.

“Mathe amekushinda!” Derrick hakuweza kujizuia. “Amefika mwisho wa mji!”

“Ati kuna mwisho?” Gicheru akaanza kugeuka.

“Usigeuke!” walipiga kelele wote, na Nabwile pamoja nao.

Akarudisha uso barabarani upesi, mabega yakimtikisika kwa kicheko. Nabwile naye alikuwa anacheka ndani ya leso. Alikanyaga mafuta, gari likashuka mlima upande wa pili, na hapo mji ukaishia kweli. Mbele yake palikuwa na maji ya buluu mpaka upeo wa macho. Gari lilifika ukingoni, likagota kwenye kitu kisichoonekana, magurudumu yakazunguka bure.

“Kuna maji tu,” alimwambia mkwewe. “Hakuna hata shamba moja. Hujapoteza kitu.” Akaweka pedi benchini. “Ambia watu wenu waje Malakisi. Lakini waje na mzee anajua kuongea, sio hawa.”

Kutoka nje ikaja sauti ya chini, ile ile ya punguzeni sauti. “Asante, Mama.”

“Sasa songa kando nipite.”

*

Dinah alikuwa amelala, machozi yamemkaukia mashavuni, kikofia cha sufu ameshika kiganjani. Nabwile hakumwamsha. Alirudisha nguo za mtoto mahali pake, akalisukuma sanduku chini ya kitanda kwa mguu. Alijua Wanyonyi atabisha. Atauliza tena, kazi au mchezo? Naye atamjibu kwamba amemgeuza kijana juu na chini, na hakuona palipooza. Wanyonyi atanyamaza, maana kwa habari ya vitunguu hajawahi kumshinda mkewe.

Akaketi kwenye kigoda. Leo angewahi kwenda kwa Peris, kabla ya jioni, mwenye nyumba apate kuingia kwake. Ni chai tu iliyobaki kikombeni aliyotaka kumalizia.

Upande wa pili mabenchi yalilia, Mathenge akadai zamu yake, na mtu akaambiwa apunguze sauti. Kisha ukuta ukabishwa. Ngo, ngo, ngo.

Nabwile alimtazama Dinah. Usingizi ulikuwa mzito, kifua kinapanda na kushuka vizuri. Alimwona mtu wa upande ule kama anamwona kwa macho, amesimama, sikio kwenye ubao, anangoja.

Ngo, ngo, ngo, tena, kwa haraka zaidi.

Mila ya kwao ilikataza macho, ilikataza mkono, ilikataza sahani moja. Nabwile aliichambua yote kichwani, jani kwa jani, kama alivyofundishwa na mama yake. Kuhusu kijiko haikusema lolote.

Akakitoa kwenye kikombe, akakipangusa kwa leso, akabisha.